Jamhuri ya Nzuri Tu

Nchi ya Shwari ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Iko pale pale ilipokuwa jana, na wananchi wake wameagizwa wasisogee. Ni nchi ya watu wenye adabu. Mtu wa Shwari ukimkuta nyumba yake inaungua, ukamuuliza habari za nyumbani, atakujibu kwamba ni nzuri tu, na baada ya hapo ndipo atakuomba ndoo. Ndivyo walivyolelewa. Kwanza nzuri, halafu lile lililokusibu.

Malezi haya hayakumdhuru mtu mpaka siku Waziri wa Afya alipokwenda ng'ambo kwenye kongamano la Mawasiliano Fanisi baina ya Muuguzi na Mgonjwa. Alifikia hoteli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Alisikiliza hotuba ya kufungua na nusu ya hotuba ya kufunga, na muda wa katikati aliutumia bwawani. Lakini hiyo nusu ilimtosha. Alisikia kwamba muuguzi akizungumza vizuri na mgonjwa, mgonjwa hupata nafuu upesi, naye akarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota dawa isiyonunuliwa.

Kutoka uwanja wa ndege alikwenda moja kwa moja Hospitali Kuu, kamera zikiwa nyuma yake. Akapita kitanda kwa kitanda.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Nzuri tu, mheshimiwa," alijibu mzee aliyekuwa amening'inizwa mguu.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Njema, baba, tunashukuru," alijibu mama mwenye dripu mikono yote miwili.

Hata mmoja aliyefunikwa shuka mpaka kichwani, ambaye hakujibu kitu, alihesabiwa kuwa amekubali. Waziri alitoa leso akafuta machozi mbele ya taifa zima.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumedanganywa kwa miaka mingi. Hospitali zetu hazina wagonjwa. Zina watu wazima waliolala!"

Juma lile lile likatoka tangazo. Kila asubuhi mgonjwa atasalimiwa. Akijibu nzuri, njema, salama, au neno lolote la ukoo huo, huyo amepona. Kitanda chake kitafungwa kitambaa cha kijani, na kabla ya adhuhuri awe amekwisha kutoka. Akijibu vibaya, atafungiwa kitambaa chekundu, na chekundu ndicho kinacholeta dawa, daktari na kisu. Kumuuliza mtu habari za mwili wake nje ya salamu kulipewa jina la uchokozi wa maradhi, na ni kosa. Wizara ilifurahi mno. Dawa zilizokuwa hazitoshi miaka nenda miaka rudi zikaanza kubaki.

*

Mashavu Kitundu alikuwa nesi wa wodi ya wanawake katika hospitali hiyo. Chuoni alifundishwa kuuliza: panauma wapi, pameanza lini, panauma kama kisu au kama mzigo. Alikuwa akiuliza vizuri. Watu walikuwa wakimwambia mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua. Tangazo lilipotoka, yeye na wenzake waliitwa semina, na mwalimu wao akawa Mkurugenzi wa Mawasiliano Fanisi, Bwana Fasaha Mkwabi, mtu mrefu mwenye tai ya rangi za bendera, aliyepewa cheo hicho kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimaliza sentensi bila kuanza nyingine.

"Muuguzi ni nani?" aliuliza Bwana Mkwabi.

Hakungoja jibu.

"Muuguzi ni daraja! Na daraja halimuulizi mtu anakokwenda. Daraja linatabasamu!"

Wakafundishwa kutabasamu kwa meno ya juu peke yake, kwa kuwa meno ya chini yana dharau. Wakafundishwa kuinamisha kichwa upande wa kulia wanapotaja jina la mgonjwa. Wakapigwa marufuku kuuliza panauma wapi. "Kwa sababu," alieleza Mkurugenzi, "ukimuuliza mtu panauma wapi atajipapasa, na akijipapasa hatakosa mahali."

Mashavu akanyoosha mkono. "Samahani, Mkurugenzi. Na mgonjwa akisema nzuri kwa adabu tu, huku anaumwa?"

Bwana Mkwabi akatabasamu kwa meno ya juu.

"Dada yangu, unataka kuuambia ukumbi huu kwamba mwananchi wa Shwari anasema uongo?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Akakaa. Baadaye alijilaumu sana kwa kukaa, lakini viti vya semina vilikuwa na mito mipya, na watu wote walikuwa wamekaa.

Muda si muda wodi ikabadilika sura. Watu waliolelewa vizuri walianza kutoweka. Mwalimu mstaafu mwenye kifua kibovu alijibu, "Salama, wanangu, sijui nyinyi," akatolewa nje akikohoa huku ameziba mdomo kwa kiganja ili asimkere mtu. Mama mjamzito aliyevimba miguu alisema, "Alhamdulillahi," akapewa viatu vyake, navyo havikumwingia. Waliobaki vitandani walikuwa watu wa midomo michafu. Hao walinawiri. Mbele yao wote alikuwa Kabula, muuza mkaa wa sokoni, aliyelazwa kwa jipu la paja ambalo lingekwisha kupasuka lenyewe kama angeacha kulionyesha kwa kila anayepita. Kila asubuhi Mkurugenzi alimfikia na salamu yake.

"Habari za asubuhi, dada?"

"Habari gani unaniuliza, huna macho? Niondolee hiyo tai yako usoni!"

"Chekundu!"

Na Kabula akaongezewa sindano, godoro la pili na yai la kuchemsha.

Nje ya geti, chini ya jua, familia zilikuwa zikikaa na wagonjwa wao zikiwafundisha ubaya kabla hawajaingia. "Sema mbaya, baba. Mara moja tu." Na mzee anayetetemeka kwa homa anajibu, "Siwezi, mwanangu. Nitamwambiaje mtu neno kama hilo, na hata hatujuani?"

*

Bi Sikitu aliletwa na majirani kwa mkokoteni wa kubebea maji, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma iliyoanikwa. Alipofikishwa mlangoni mwa wodi aliomba wasimamishe kwanza, ajifunge vizuri ushungi wake.

Mashavu alipomwona, aliiweka trei chini akaenda kumpokea. Bi Sikitu alikuwa somo wake. Katika mtaa wao msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa mwanamke mmoja wa makamo, naye humfunza mwili wake, nyumba yake na ulimi wake. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walipita mikononi mwa Bi Sikitu. Ndiye aliyewafundisha jinsi ya kuketi, ya kupokea kitu kwa mikono miwili, na ya kuitikia. "Ukiulizwa hali, sema njema," alikuwa akiwaambia. "Aliyekuuliza hakuja kubebeshwa mizigo. Amekuja kukuheshimu."

Daktari Mlamali alimbonyeza tumbo polepole. Mikono ya madaktari ilikuwa bado haijapigwa marufuku, kwa sababu Mkurugenzi aliisahau. Kisha akamvuta Mashavu pembeni, karibu na sinki.

"Utumbo umejikunja, umefunga njia. Asipopasuliwa kesho, hana maisha."

"Thieta ina nafasi?"

"Moja. Kesho baada ya salamu. Lakini sina ruhusa ya kushika kisu pasipo kitambaa chekundu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho ataulizwa habari, atasema mbaya. Neno moja tu, Mashavu. Mwambie."

"Dokta, unamjua huyu mama ni nani?"

"Ni nani?"

"Ndiye aliyenifundisha kusema njema."

*

Alasiri, wakati wa kuona wagonjwa, Mashavu alivuta kigoda mpaka kando ya kitanda.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mumeo hajambo? Na mama yako, ule mguu umemwachia?"

"Somo, leo mimi ndiye ninayeuliza."

"Uliza, mwanangu. Lakini mguu wa mama yako?"

"Umemwachia. Sasa nisikilize. Kesho asubuhi atakuja Mkurugenzi. Atakuuliza habari za asubuhi. Wewe utasema mbaya."

Bi Sikitu alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue kanga barabarani.

"Mbaya?"

"Mbaya."

"Mtoto wa watu ametoka kwake, amefunga tai, pengine hata chai hajanywa, anaingia mlangoni nimpige na mbaya? Amenikosea nini?"

Kitanda cha pili Kabula aliangua kicheko mpaka jipu likamuuma. "Mtukane tu, bibi! Mimi siku ya kwanza niliogopa. Ya pili nikamwambia ana masikio kama vipini vya sufuria. Wakaniletea yai!"

"Binti," aliuliza Bi Sikitu kwa upole, "mama yako yu hai?"

"Yupo."

"Anajua?"

Kabula akanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu alazwe.

"Basi usiseme mbaya," Mashavu alilegeza masharti kidogo. "Sema si nzuri."

"Si nzuri," Bi Sikitu alinong'ona. Akafikiri. "Si nzuri sana, lakini tunashukuru."

"Usiongeze tunashukuru! Akisikia tunashukuru tu, ni kijani."

"Nisimshukuru Mungu?"

"Mshukuru kimoyomoyo."

"Na yeye nisimuulize zake?"

"Usimuulize zake."

"Mtu akuulize habari, wewe umkalie kimya kama gogo?" Akataka kusema zaidi, lakini maumivu yakamkamata. Aliuma pindo la kanga, jasho likamtiririka kwenye paji la uso, na vidole vya miguu vikajikunja chini ya shuka. Hakutoa sauti.

"Panauma sana?" Swali lilimtoka Mashavu kabla hajatazama kama kuna anayesikia.

"Kidogo tu, mwanangu."

Hapo Mashavu akaelewa. Hata yeye, aliyepakatwa na mama huyu, alikuwa akijibiwa kama mgeni. Akapiga magoti sakafuni, sare yake nyeupe na yote.

"Somo, kesho ukisema njema utakufa. Sikutishi. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uliponifunga kanga ya kwanza. Sasa nakuomba neno moja."

Bi Sikitu alinyoosha mkono, akamfuta machozi kwa ncha ya ushungi.

"Nyamaza, usilie. Nitasema. Siku moja hii nitakuwa mtovu wa adabu, kwa ajili yako."

Wakafanya mazoezi mpaka kengele ya wageni ikalia. Kabula, aliyerudiwa na sauti, alikuwa akiigiza Mkurugenzi. "Habari za asubuhi, mama?" "Mb... mb..." "Usikwame, bibi! Litoe kama mfupa wa samaki!" Mara ya mwisho Bi Sikitu alilitamka wazi kabisa: "Mbaya." Kisha akageuka huku na huku akaiomba radhi wodi nzima.

*

Asubuhi yake matarumbeta yalitangulia. Ilikuwa Wiki ya Mawasiliano, kwa hiyo Mkurugenzi alikuja na bendi, kamera, na kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye tai. Nyuma yake alitembea mbeba-vitambaa, mtu mwaminifu wa sheria, vya kijani begani na vyekundu mkononi.

"Wapendwa wananchi mliolala!" alianza Bwana Mkwabi. "Mawasiliano ni uti wa mgongo wa mawasiliano. Pasipo na mawasiliano pana nini? Pana pengo. Na pengo likiwasiliana na pengo lenzake, tunapata shimo. Serikali yenu haitaki mashimo, ukiacha yale ya barabarani, ambayo yanashughulikiwa!"

Watu walipiga makofi, wenye dripu kwa mkono mmoja.

Alianza na Kabula. "Habari za asubuhi, dada?"

"Toka na matarumbeta yako, kichwa kama tikiti!"

"Chekundu," alisema Mkurugenzi bila kukunja uso, akasogea kitanda cha pili. Akaikumbuka kamera, akachuchumaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za asubuhi?"

Mashavu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, amekishika chuma kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa ikilitengeneza lile neno bila sauti. Bi Sikitu alimtazama yeye, akavuta pumzi, akafumbua mdomo.

"Mb..."

Kisha macho yake yakamwangukia yule mtu aliyechuchumaa.

"Baba," alisema, "mbona macho yako mekundu hivyo? Umelala kweli wewe?"

Tangu apewe cheo hakuna aliyewahi kumuuliza Bwana Mkwabi swali kama hilo. Tabasamu lake la meno ya juu lilitikisika.

"Mimi, mama?"

"Wewe. Habari zako wewe?"

"Mbaya, mama," alisema Bwana Mkwabi. Alisema chini chini, lakini kipaza sauti kilikuwa kwenye tai, na wodi nzima ilisikia. "Mbaya sana. Silali. Simu ikilia naruka. Usiku nasimama mbele ya kioo nafanya mazoezi ya kutabasamu mpaka taya zinakufa ganzi."

"Pole, mwanangu. Imeanza lini?"

"Tangu nipate kazi hii."

"Panauma wapi zaidi?"

"Hapa." Akauchukua mkono wa yule mama akauweka kifuani pake.

"Kama kisu, au kama mzigo?"

"Kama mzigo, mama."

Mashavu aliyasikia maswali yake mwenyewe, yale ya chuoni, yale yaliyopigwa marufuku, yakitoka katika kinywa cha mtu anayekufa. Katika Wiki nzima ya Mawasiliano hayo ndiyo mazungumzo pekee yaliyofanyika katika hospitali ile.

Mbeba-vitambaa alikuwa katika dhiki. Sheria ilisema anayeulizwa habari akajibu vibaya ni mgonjwa. Haikusema awe nani. Akafikiri, akameza mate, akamfunga Mkurugenzi kitambaa chekundu mkononi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamgeukia Bi Sikitu.

"Na wewe mama hujajibu. Habari zako?"

"Mbaya!" alipiga kelele Mashavu. "Ni mbaya! Somo, sema!"

"Nesi asimsemee mgonjwa."

"Mtazameni tumbo! Hamna macho?"

"Nesi!"

Bi Sikitu bado alikuwa ameuweka mkono kifuani mwa Bwana Mkwabi, aliyekuwa akilia kama mtoto mbele ya bendi. Yule mama hakuwa na nafasi ya kujifikiria.

"Sisi hatujambo, baba," alisema. "Mwangalieni huyu kwanza."

"Kijani."

Kabula aliruka kutoka kitandani kwake. "Mpeni zamu yangu! Mimi nina jipu tu, wajinga nyie! Jipu! Mpeni yeye!" Kwa ukali wa maneno hayo alipewa yai lingine.

Mkurugenzi alihitaji kitanda, na kilichokuwa kimepata nafasi ni kimoja. Bi Sikitu aliteremka mwenyewe, akishika ukuta, na kabla hajasogea aliinyoosha shuka ili mgonjwa asilalie mikunjo. Wakamsukuma Bwana Mkwabi mpaka thieta katika ile nafasi moja. Daktari Mlamali hakuwa na ruhusa ya kumpasua asiye na chekundu, wala hakuwa na ruhusa ya kuacha kumpasua mwenye nacho. Alimfungua, akakuta gesi, akamfunga.

*

Mashavu na Kabula walimtoa Bi Sikitu nje wakimshika kwapani huku na huku. Gari la wagonjwa halikuwapo. Lilikuwa mjini limebeba spika za maandamano ya Wiki ya Mawasiliano. Getini Kabula alimkalisha yule mama kwenye benchi la saruji, akapiga goti, na kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kama anayo akasema, "Shikamoo, mama. Unisamehe kwa kelele zangu."

"Marahaba, mwanangu. Hujanikosea."

Mlinzi alisikia. "Dada, kumbe unajua kusalimu? Basi umepona." Na Kabula akakosa kitanda chake, godoro la pili na mayai. Wala hakumtukana mlinzi. Alivua mtandio wake akaanza kumpepea Bi Sikitu.

"Turudishe ndani," Mashavu alimsihi mlinzi. "Nakuomba. Tumbo lake limefunga."

"Nesi, huyu ametangazwa mzima mbele ya kamera. Mtu mzima ataingiaje hospitali? Atalala kitanda cha nani?"

"Mwite daktari aje hapa nje."

"Daktari yuko na Mkurugenzi."

Mashavu alirudi kwenye benchi akakaa chini, vumbini. Hakusalimu. Hakuinamisha kichwa upande wa kulia. Aliuliza bila utangulizi, jinsi mtu asivyomuuliza mama yake hata siku moja.

"Panauma wapi?"

Bi Sikitu alitazama barabara. Alitazama geti.

"Hakuna anayetusikia?"

"Hakuna. Ni mimi na Kabula."

"Kila mahali, mwanangu," alisema. "Kila mahali. Ni kama kuna mtu anakamua nguo ndani yangu. Tangu Jumatatu. Nilikuwa najifungia chooni nauma kanga, watoto wa jirani wasije wakasikia. Nimechoka. Naogopa, Mashavu. Watu wanadhani mtu mzima haogopi. Sitaki kufa. Bado nilikuwa na wasichana wawili sijamaliza kuwafunda." Alipumzika. "Habari ni mbaya. Ni mbaya kabisa."

Aliposema hivyo uso wake ulilegea, kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya safari ya kisimani. Mashavu alimshika mkono. Alikuwa na majibu yote sasa, wapi na lini na jinsi gani, na hakuwa na mahali pa kuyapeleka.

"Mashavu."

"Abee, somo."

"Usimwambie mtu kwamba nimelalamika."

Alikufa kabla kivuli cha ukuta hakijaifikia miguu yake.

*

Msibani Waziri alikuja mwenyewe, kwa kuwa marehemu alikuwa ameonekana kwenye televisheni akimfariji kiongozi. Alisimama katikati ya uwanja, akavua miwani.

"Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa," waliitikia waombolezaji wote kwa pamoja, jinsi wanavyoitikia watu wa Shwari tangu enzi.

Waziri alizigeukia kamera kwa furaha. "Mmesikia? Wamekwisha kupoa! Siku hiyo hiyo!" Akaeleza kwamba Mkurugenzi anaendelea vizuri, na kwamba chumba kimoja cha wizara kitapewa jina la marehemu, pindi kitakapojengwa. Kisha akapita kwa wafiwa mmoja mmoja, mpaka kwa Mashavu.

"Pole, mwanangu."

"Sijapoa."

Mwanamke aliyekaa nyuma yake alimvuta kanga. "Mashavu! Adabu!"

"Nani alinifundisha adabu?" Mashavu aligeuka. "Si huyo mnayemzika? Sijapoa, mheshimiwa. Hali yangu ni mbaya, na habari ni mbaya. Alikuwa na tumbo kama ngoma, kila mwenye macho aliliona, na nyinyi mkamuuliza habari za asubuhi!"

Uwanja mzima ulishusha macho. Waziri hakukasirika. Alimwekea mkono begani kwa huruma kubwa, akamwita mbeba-vitambaa.

"Huyu mtoto ni mgonjwa," alisema.

*

Basi mpaka leo Mashavu amelazwa katika wodi ya wanawake, kitanda kile kile cha Bi Sikitu. Asubuhi matarumbeta yanapita, na Mkurugenzi, aliyepona na kupandishwa cheo, anauliza habari.

"Mbaya," anajibu Mashavu.

"Chekundu."

Wanamletea vidonge, sindano, yai. Vidonge anavificha chini ya ulimi mpaka bendi iondoke. Kisha anateremka miguu mitupu, na kabla ya adhuhuri anapita kwenye vitanda vyenye vitambaa vya kijani, akigawa alicho nacho. Hakitoshi. Utumbo uliojikunja hauponi kwa kidonge cha kufichwa, na wengi bado wanatoka wakishukuru, na benchi la saruji getini halikai tupu. Anajua hayo. Anapita hata hivyo.

Leo asubuhi alifika kwa mama mmoja wa makamo, mgeni, aliyekuwa akikunja shuka yake tayari kuondoka.

"Panauma wapi?" aliuliza Mashavu.

Yule mama alishtuka. Hata shikamoo?

"Hapaumi popote, mwanangu," alisema. "Mimi mzima. Sijui wewe, habari zako?"

"Mbaya, mama," alisema Mashavu, akakaa kitandani kwake. "Mbaya sana. Haya, sasa zako."

Yule mama alitazama mlangoni. Alitazama kitambaa cha kijani. Halafu, taratibu, kama mtu anayeiba kilicho chake mwenyewe, akalipandisha gauni mpaka gotini, akamwonyesha mguu.